Mwana wa Kidani

Machi 3

Mvua imeanza leo mchana, na mimi nimeanza kuandika. Daftari ni la binti yangu, alilibakiza tupu alipomaliza shule, na kalamu nimeichukua ofisini kwa tajiri bila kuaga. Kila msimu najiambia nitaandika mambo ya mbuzi wangu, nani kazaa na amezaaje, na kila msimu uvivu unanishinda. Safari hii nyumbani kuna mtoto mchanga, usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu, basi heri niandike.

Nafanya kazi kwenye banda la mbuzi wa maziwa, nje kidogo ya mji. Ufunguo wa chumba cha kuzalia ninao mimi. Wananiita Mkunga, kuanzia tajiri mwenyewe mpaka mlinzi wa getini, na jina hilo nalipenda, sitajifanya silipendi.

Binti yangu amekuja kujifungulia kwangu. Amepata mtoto wa kike, wiki iliyopita, salama salimini. Mumewe anafanya kazi mbali na bado anatafuta chumba cha kutosha watatu. Amesema atawafuata mvua zikikatika.

Machi 4

Watatu wamezaa. Wote wazima. Mgongo haunitaki.

Machi 6

Leo nimemfokea Redio. Redio ni mkamuaji wetu, mwanamke wa rika langu, na jina hilo kalipata kwa sababu hazimwi. Mbuzi mmoja alikuwa ndiyo kwanza ametua mzigo, Redio akainama akamnyanyua mtoto, eti amwone vizuri mwangani.

"Weka chini!" nikamwambia. "Mama yake hajamlamba."

"Jamani, shoga, nimemshika tu, simwozi."

"Weka chini, nasema."

Akamweka. Nikamweleza tena, ingawa ameshanisikia mara nyingi. Mbuzi hamjui mwanawe kwa sura. Anamjua kwa harufu, na harufu hiyo anaisoma wakati anamlamba mtoto angali mbichi, huku anamwita kwa sauti ya chini ambayo haitoi wakati mwingine wowote. Ukimwondoa mtoto kabla mama hajamaliza, ukaja kumrudisha ananuka vitu vya watu, kwa mama huyo ni mgeni, na mgeni anapigwa kichwa. Ndiyo maana chumbani kwangu mikono inakaa nyuma mpaka mama amalize. Redio akasema "Ndiyo, mwalimu," akanipigia saluti kwa ndoo ya maziwa.

Jioni nilimkuta binti yangu anamwogesha mtoto. Kamshika shingo ovyoovyo, povu linakaribia macho. Nikasema lete hapa. Nimemwogesha mwenyewe, nikampaka mafuta, nikamvisha, akalala kifuani kwangu. Binti alibaki amesimama mlangoni na taulo mikononi. Nilikuwa nimeshatumia jingine.

Machi 9

Paka wetu amehama. Alizaa stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, nami kila asubuhi nilikuwa namchungulia na tochi nione kama wote wananyonya. Leo nimekuta manyoya tu. Jirani anasema alimwona anapita juu ya ukuta kwenye mvua, kabeba kitoto mdomoni, akirudi kuchukua kingine.

"Umemchungulia mno, mama," binti yangu akasema.

Nikamwambia yule paka hana shukrani.

"Ana bahati. Ana pa kuhamia."

Akacheka, na mimi nikacheka.

Machi 10

Mvua. Wawili wamezaa. Nimewahi kurudi kumwogesha mtoto.

Machi 12

Kidani amezaa leo alasiri. Ni yule mweusi mwenye duara jeupe shingoni, ndiyo maana ya jina lake, na huu ni uzao wake wa kwanza. Alichukua muda. Anasimama, analala, anageuka kuangalia nyuma yake, halafu anasimama tena. Na mimi nilikuwa naangalia mlango, kwa sababu saa ya kumwogesha mjukuu wangu ilikuwa inafika, na binti nilishamwambia asimtie majini mpaka nirudi.

Mtoto akatoka, jike, mweusi tii, mdogo. Upepo ulikuwa unaingiza mvua mpaka kwenye majani makavu. Kidani alikuwa bado amelala, pumzi juu juu, hajamgeukia. Nikasema moyoni, nikimwacha kwenye ubaridi huu nitamkuta amekufa. Hilo nililifikiri kweli. Lakini nilifikiri pia kwamba nikiondoka sasa hivi nitawahi.

Nguo za mtoto hazikauki nyumbani siku hizi, basi nazianika ofisini juu ya jiko la mkaa. Nilichukua taulo la mjukuu wangu nikamfuta nalo yule mwanambuzi mpaka akakauka. Nikamkamua Kidani dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, nikamnywesha mtoto kwa chupa, nikamlaza ndani ya kasha karibu na jiko. Nilipotoka na mwanawe, Kidani aliinuka akalia. Nilimsikia mpaka getini.

Nyumbani binti yangu alikuwa amepasha maji, ameketi kando ya beseni, ananingoja. Mtoto nimemwogesha. Yote yamekwenda vizuri.

Machi 13

Kidani amemkataa.

Nilimrudisha mwanambuzi asubuhi kabla Redio hajafika. Kidani alikuja mbio, masikio mbele, anamwita kwa ile sauti ya chini. Akamnusa. Akamnusa tena, mkiani na kichwani. Halafu akarudi nyuma, akamtandika kichwa, mtoto akajigonga kwenye ubao. Nikamwinua nikamnusa mwenyewe. Ananuka sabuni ya mtoto na mafuta ya mtoto. Ananuka nyumbani kwangu.

Kibaya zaidi ni kwamba Kidani hakuacha kumtafuta. Alizunguka chumba kizima akiita, ananusa majani pale alipozalia, anainua kichwa kusikiliza, na mwanawe yuko nyuma yake anamfuata kwa miguu inayotetemeka. Kila alipomkaribia alipigwa.

Tajiri akaingia na koti lake la mvua. Si mtu mbaya. Ana mbuzi wengi na subira kidogo.

"Kulikoni, Mkunga?"

"Amemkataa mwanawe."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Alizaa tu akamgeuzia mgongo."

Hivyo ndivyo nilivyosema, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

"Basi huyo simweki," akasema. "Mwaka juzi nilimwonea huruma mmoja wa namna hii, akaja kurudia vilevile." Akaleta kopo la rangi nyekundu na brashi. Mbuzi mwenye rangi mgongoni anachukuliwa na mchinjaji, anayekuja mwisho wa mwezi barabara ikipitika. Juu ya manyoya meusi ile rangi haikuonekana vizuri, ikabidi apake mara ya pili. Mimi ndiye niliyemshikia kopo.

"Wewe ndiye unayewajua," akaniambia, akaenda zake.

Machi 14

Mvua. Sikusema.

Machi 16

Tumepata utaratibu. Namfunga Kidani kamba fupi, Redio anamshika pembe, mwanawe ananyonya kwa haraka kabla hajapigwa teke. Redio anamsema kutwa nzima. "Mama gani wewe? Huoni haya? Angalia mtoto wa watu!" Kidani anatazama ukutani anatafuna.

"Wengine hawakuumbiwa kulea, shoga," Redio akaniambia. Nikasema labda.

Kiwele cha Kidani kinajaa kuliko mtoto anavyowahi kunyonya, na yanayobaki nayakamua mimi. Leo nimetia kidogo kwenye chupa nikaja nayo nyumbani ndani ya mkoba. Mjukuu wangu analia sana jioni, na maziwa ya binti nayaona mepesi. Nimeyachemsha, nikayapoza, nikampa mtoto wakati binti amelala. Mtoto amelala fofofo. Binti alipoamka akauliza mbona amenyamaza. Nikamwambia ameshazoea mikono yangu.

Machi 17

Mvua. Sikusema. Maziwa nimekuja nayo tena.

Machi 20

Nataka kuandika haki kuhusu binti yangu, kwa sababu nimeanza kumsema vibaya kwa watu. Hamchezeshi mtoto. Mtoto akilia, anatazama kwanza mlangoni kama niko njiani. Leo nilimkuta ameketi kitandani, nguo imelowa kifuani kwa maziwa yake mwenyewe, anajifuta, na mtoto amelala kwangu ameshiba. Nikamwambia ukijaa hivyo mnyonyeshe basi. Akaniambia hataki kunyonya.

Kazini nikamwambia Redio binti yangu hana moyo wa mtoto.

"Kumbe mna Kidani nyumbani," Redio akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Nilicheka kidogo. Halafu nikaenda kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.

Machi 21

Mvua ya mawe. Paa la stoo linavuja.

Machi 22

Leo binti yangu amesema neno. Tulikuwa tunakunja nguo za mtoto, yeye upande huu wa kitanda, mimi ule.

"Mama, baba yake akija kunichukua, mtoto nimwache kwako."

"Umwache? Kwa muda?"

"Abaki tu. Wewe ndiye anayekujua. Nikimshika mimi analia, ukimshika wewe ananyamaza. Nitampeleka huko nikamfanyie nini?"

Hakulia. Aliendelea kukunja vizuri, kingo kwa kingo, kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo.

Ilinipasa nimwambie wewe ndiye mama yake. Nilichosema ni "Tutaona." Na moyo wangu ulifurahi. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliona nyumba hii jioni, mimi na mtoto, hakuna wa kumshika shingo ovyoovyo. Nilifurahi mpaka nikaanza kuimba nikiosha vyombo, ndipo nikasikia binti anafunga mlango wa chumba chake taratibu.

Machi 24

Mvua. Sikusema. Rangi ya Kidani haitoki kwa mvua, nimeitazama.

Machi 25

Sili vizuri. Namtazama Kidani anavyonyonyesha kwa kamba na nakumbuka alivyonusa yale majani siku ile, anamtafuta. Mbuzi asiyetaka mwana hatafuti. Yeye alimtaka. Mimi ndiye niliyemletea mtoto ambaye hawezi kumjua.

Nilimuuliza Redio, kama mtu anayeuliza tu, kwao walikuwa wanafanyaje mbuzi akikataa mwana.

"Babu yangu alikuwa anamwingiza mbwa."

"Mbwa afanye nini?"

"Asifanye kitu. Asimame tu. Mama akiona mwana anataka kuliwa, anasahau kwamba alikuwa hamtaki. Ila inataka mbwa mwenye adabu, maana wengine watakula kweli!"

Mlinzi wa getini ana mbwa mmoja mkubwa wa kijivu, wanamwita Afande. Adabu anayo, uvivu umempa.

Machi 27

Leo mvua imetulia, jua limetoka la kukausha barabara. Nimemleta Afande na kamba yake. Redio amekaa nje ya wavu, kanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kidani nilikuwa nimemfungua. Mwanawe alikuwa amelala kwenye pembe ya mbali, amejikunja, ameshajifunza kukaa mbali na mama. Afande akaingia, akanusa hewa, akamwona, akamsogelea kwa udadisi wake tu. Mwanambuzi akalia.

Sijui Kidani alifikaje pale. Nilimwona upande wa pili anatafuna, halafu nikamwona amesimama juu ya mtoto, miguu minne imemzunguka, kichwa chini, anapiga kwato. Afande alisimama. Akapiga hatua moja nyingine, na Kidani akampiga pembe puani, mbwa mzima akalia akanikimbilia mimi. Kidani hakumfuata. Alibaki juu ya mwanawe anahema. Kisha akainamisha shingo, akaanza kumnusa kuanzia masikioni, akamlamba. Akamlamba vumbi, na majani, na maziwa yake mwenyewe yaliyomkaukia mdomoni, muda mrefu, na akawa anamwita kwa ile sauti ya chini. Mtoto akaingia chini ya tumbo la mama yake akanyonya bila mtu kumshika mama pembe.

"Mama we!" Redio akasema, machozi yanamtoka. "Kumbe anajua."

"Anajua," nikasema. "Alijua tangu mwanzo."

Akanitazama. Nilitaka kumwambia pale pale. Nikasema nitamwambia tajiri kwanza, ndiyo haki, kesho asubuhi akija, nimwambie yote na rangi ifutwe kwa mafuta ya taa. Tajiri leo alikuwa mjini. Kesho ni kesho tu.

Maziwa sikuchukua leo. Yaliyobaki ya jana yalikuwepo nyumbani kwenye chupa. Nilimpa mjukuu wangu hayo.

Machi 28

Siku hii nitaiandika yote hata nikikesha.

Alfajiri binti yangu ameniamsha. Mtoto anaharisha maji, macho yameingia ndani, analia bila nguvu. Tulitoka kwa miguu kwa njia ya mkato ya bondeni, ambako jua lilikuwa halijakausha, matope mpaka kifundoni, tukafika zahanati kabla haijafunguliwa tukasimama barazani. Nilimbeba mimi. Hata hapo nilimbeba mimi.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono miepesi. Alimvua mtoto, akamfinya ngozi ya tumbo, akamwekea dawa ya maji mdomoni kwa kijiko, tone kwa tone. Halafu akamgeukia binti yangu.

"Mtoto anapewa nini?"

"Maziwa yangu."

"Mengine?"

"Hakuna mengine."

"Binti, usinidanganye. Mtoto wa maziwa ya mama tu haji hapa hivi. Mmempa nini? Uji? Maziwa ya mnyama?"

Binti yangu alifungua mdomo, akanitazama. Mkoba ulikuwa mapajani kwangu na chupa ilikuwa ndani yake, ina shombo la jana. Nilihisi ubaridi wake kupitia kitambaa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, kama ile ya kopo la rangi. Muuguzi alikuwa anangoja. Ilikuwa neno moja tu, "mimi."

Nikatazama sakafu.

"Nyinyi mabinti wa siku hizi!" muuguzi akaanza, na alisema mengi. Kwamba mtoto si mwanasesere. Kwamba maziwa yake yapo, amemkamua akayaona, mazuri, ila yeye anajali usingizi wake. Kwamba amshukuru Mungu ana mama mtu mzima nyumbani wa kumsaidia. Akanielekezea mkono. "Mama, kaa naye karibu huyu, asije akakuua mjukuu."

Na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Nilikubali!

Binti yangu hakujitetea. Machozi yalimteremka mpaka kidevuni akayaacha. Tulikaa pale hadi mchana, mtoto akapata kukojoa, muuguzi akasema sasa ataishi, nyonyesha, nyonyesha, nyonyesha. Akanyonyesha. Mtoto alinyonya kama asiyewahi kukataa chochote.

Nje, kwenye ngazi, nikanyoosha mikono.

"Lete nikubebee, umechoka."

Akarudi nyuma hatua moja. Akamgeuza mtoto upande wa pili, bega lake likawa katikati yetu.

"Usimguse, mama."

"Mwanangu..."

"Niliiona chupa. Tangu siku ya kwanza. Imo mkobani mwako, ukirudi unaificha nyuma ya sufuria."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua unachofanya. Wewe ni Mkunga. Nikajiambia, kama mama ameona maziwa yangu hayafai, basi hayafai." Sauti yake ilikuwa ya chini, na haikuwa ya kuomba. "Lakini leo umenitazama natukanwa, ukatikisa kichwa. Mtoto huyu simwachi kwako. Simwachi popote. Na usimguse mpaka nikwambie."

Akatangulia. Nilimfuata kwenye matope na mkoba wangu. Aliyemwinamia mtoto vile ni mwanangu, niliyesema hana moyo, na kitu kilichomsimamisha mbele ya mwanawe kilikuwa ni mimi.

Sikwenda kazini leo. Amefunga mlango kwa ndani. Namsikia anamwimbia mtoto, wimbo hana, anatunga tu.

Machi 29

Nilifika bandani mapema nimwambie tajiri. Chumba cha kuzalia kilikuwa wazi; juzi, kwa furaha, nilisahau kukifunga. Mwana wa Kidani alikuwa peke yake juu ya majani, amelia mpaka sauti imekatika.

Mchinjaji alikuja jana. Barabara ilikuwa imekauka. Aliangalia rangi, akachukua wenye rangi.

"Nilimwambia kijana wa gari huyu sasa ananyonyesha," Redio akasema. "Akasema yeye anaangalia rangi, hasomi mioyo. Tajiri hakuwepo. Na wewe hukuwepo." Kisha akasema, "Alipiga pembe mpaka akavunja ubao wa gari, Mkunga. Alikuwa anataka kurudi."

Nikaenda ofisini nikamwambia tajiri kila kitu: taulo, kasha, saa ya kumwogesha mtoto, uongo wangu, hata maziwa niliyokuwa nikibeba. Alisikiliza amesimama, koti la mvua mkononi. Nilitaka anifokee. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa.

"Kwa nini hukusema siku ile?" akaniuliza. "Ningefuta rangi. Ni rangi tu, Mkunga."

Akanyoosha mkono, nami nikampa ufunguo.

Machi 30

Mvua. Nasafisha ndoo za maziwa.

Aprili 2

Chumba cha kuzalia sasa anacho Redio. Ameweka mikono nyuma kama nilivyomfundisha, namwona kupitia wavu. Haniambii Mkunga tena, ananiita dada. Hakunisema hata neno moja. Ningependa anisimange, azungumze kutwa kama zamani, lakini mbele yangu amezimwa.

Aprili 6

Mtoto amenenepa. Binti yangu anamwogesha mlango ukiwa wazi, na mimi naruhusiwa kuketi kwenye kigoda. Shingo anaishika kwa namna yake. Si namna yangu, na mtoto hajambo.

Leo nilimweleza habari ya Kidani, toka taulo mpaka gari. Sikumwomba kitu. Aliendelea kumwaga maji taratibu juu ya kichwa cha mtoto, kiganja kimekinga macho.

"Alikuwa analia?" akauliza.

"Alilia. Nilimsikia mpaka getini."

Alimfunga mtoto kwenye taulo, akaingia naye ndani.

Aprili 13

Mvua. Nimeosha ndoo.

Aprili 21

Mwana wa Kidani anapona. Redio anampa chupa, lakini akiachiwa tu anakuja kwangu kwenye ndoo. Ananinusa mikono, ananifuata bombani, nikiketi analala juu ya viatu vyangu. Mimi ndiye niliyemshika kwanza. Ananijua. Wenzangu wanaona ni jambo la kupendeza na wanamtania, wanasema mama yako huyo hapo. Mimi nageuza uso.

Aprili 30

Mvua zinapungua. Paka amerudi, peke yake, amekonda. Nimemwekea chakula nikaondoka bila kumtazama.

Mei 9

Mkwe wangu amekuja. Amepata chumba, amekuja na gari la kukodi, anabeba beseni na mafurushi, anajigonga kila mlango kwa furaha. Jua lilikuwa kali na barabara imekauka kabisa.

Sijamshika mjukuu wangu tangu siku ile ya zahanati. Sikuomba. Leo nilisimama kando ya gari, mikono nyuma.

Binti yangu alitoka na mtoto kifuani, viatu vyake havijafungwa. Akatafuta pa kumweka. Mumewe alikuwa juu ya mafurushi. Akanitazama kwa muda.

"Mama," akasema. "Nishikie nifunge viatu."

Nilimpokea. Amekuwa mzito. Nikainamisha uso kwenye nywele zake, na hakunuka sabuni yangu wala mafuta yangu. Alinuka maziwa na jasho la mama yake. Alinitazama kama anavyomtazama mtu yeyote, akaanza kukunja uso atafute alikokwenda mama yake mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa amechuchumaa chini yetu kwenye vumbi. Alifunga viatu vyote viwili kwa mkono mmoja, kwa taabu, akikosea na kuanza upya. Mkono wa pili ulikuwa umeushika mguu wa mtoto, na hakuuachia mpaka nilipomrudishia.